Mwani mweupe juu ya buluu: mbinu ya Anna Atkins

Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alijua kuchora: michoro yake ya makombe ya bahari ilichapishwa mwaka 1823. Lakini nyuzi za mwani ni nyembamba mno kwa kalamu. Oktoba 1843 akaanza kutoa, sehemu kwa sehemu, kitabu cha mwani wa Uingereza kwa sayanotaipu, mbinu ya kuchapa picha za buluu kwa mwanga wa jua, aliyoibuni mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha za mwanga. Kamera haikutumika, mwani ulilazwa juu ya karatasi yenyewe, na picha ikatoka kwa ukubwa wake halisi.

Ukitaka kuijaribu, utahitaji kemikali mbili. Yeyusha gramu 25 za amoniamu feriki sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji. Katika chupa nyingine, gramu 10 za potasiamu ferisayanaidi kwa maji kiasi hicho hicho. Changanya nusu kwa nusu siku ile ile utakayoitumia tu, paka kwenye karatasi kwa brashi isiyo na chuma, kausha gizani. Ferisayanaidi usiikutanishe na asidi kali wala moto. Hutoa gesi ya sumu.

Suuza mwani kwa maji baridi mpaka chumvi iishe, ukaushe ukiwa bapa chini ya kitu kizito. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, na unyevu huleta madoa. Ubane juu ya karatasi uliyoipaka, chini ya kioo, uanike juani. Mionzi hugeuza chuma cha sitreti, nacho hushikana na ferisayanaidi kuwa buluu isiyoyeyuka majini.

Hapa ndipo Atkins alipopatia, kwa maoni yangu: mwani mwembamba hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo mikunjo na matawi yaliyopandana huonekana kwa ndani. Jani nene la mwembe litakupa umbo tupu.

Usitoe karatasi ikiwa buluu tu. Subiri mpaka sehemu iliyo wazi ifanye kijivu cha shaba, la sivyo rangi itaondoka na maji ya kuiosha. Kingo zenye ukungu? Kioo hakikubana. Nyeupe yenye manjano? Hukuosha vya kutosha; endelea mpaka maji yawe safi.

Picha iliyopauka kwa mwanga hurudi ikiwekwa gizani penye hewa siku chache. Iliyoliwa na sabuni ya unga, au na karatasi yenye chokaa, hairudi.