Ukikwama pesa ya dawa, nenda ustawi wa jamii

Mwenye presha au kisukari hanunui dawa mara moja akamaliza. Kila mwezi anarudi dirishani, na kila mwezi pesa inatafutwa upya. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana siku hizi hawaishii kwenye habari za bahati nasibu. Wanazungumzia dawa.

Simu huanza kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Napiga kutoka bima. Jina lako limepita kwenye msaada wa dawa za mwaka mzima. Tuma elfu kumi na tano ya usajili, jina litatokea." Kweli jina linatokea, ila ni la mtu binafsi. Hapo hapo sitisha, usiweke namba ya siri. Malipo ya hospitali ya serikali na ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hupitia kontroli namba, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99. Hayaingii kwenye laini ya afisa, hata kama amekutumia picha ya kitambulisho chake. Akikuomba namba ya NIDA, picha ya cheti cha dawa au namba ya siri, kata simu. Huhitaji kumuaga. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kwa kuwa kila mtu amesikia habari zake, ni rahisi tapeli kujificha nyuma ya jina hilo.

Lakini tuseme ukweli: watu wengi wanamsikiliza tapeli kwa sababu ya aibu. Mzee aliyelima tumbaku Urambo au Kaliua na kusomesha watoto wake hataki kusimama mbele ya foleni aseme hana pesa. Kwenye simu hakuna anayemwona. Mimi nawaomba wazee wangu: semeni. Kila hospitali ya mkoa, ikiwemo Kitete hapa Tabora na Maweni kule Kigoma, ina maafisa ustawi wa jamii, na kumsikiliza asiye na uwezo ni kazi yao. Mweleze daktari au mfamasia kwa sauti ya chini, "Gharama hii siiwezi, naomba kuonana na ustawi wa jamii." Hupaswi kutoa hata shilingi ili usikilizwe.

Sera ya afya inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Kwa hiyo anayekuuzia "nafasi" ya kupata dawa hizo anakuuzia haki yako mwenyewe.

Yupo pia kishoka wa getini, anayekwambia dawa ile ile anayo kwa nusu bei. Tazama anachokupa: vidonge vimekatwa, boksi hakuna, tarehe ya kuisha haionekani. Ukikuta herufi GOT kwenye kidonge au pakiti, hiyo ni dawa ya serikali iliyopitia Bohari ya Dawa, na haiuzwi mtaani. Hujui ilikaa kwenye joto gani wala ndani yake kuna nini. Toa taarifa ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kanda ya Magharibi ofisi yake ipo Tabora mjini. Ukitaka nafuu iliyo halali, muulize mfamasia kama ipo dawa hiyo hiyo ya kampuni nyingine kwa bei ya chini. Mara nyingi ipo, na tofauti ya bei huwa kubwa.

Kama umeshatuma pesa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kabla hajaitoa. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, kisha ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala, usiufute. Halafu njoo hospitali hata kama mfukoni hamna kitu. Ninachokihofia zaidi ya hiyo elfu kumi na tano ni mgonjwa kukaa nyumbani wiki tatu bila vidonge vya presha, kwa kuwa pesa ya mwezi imeshaliwa. Kiharusi huja hivyo. Njoo na cheti chako cha dawa, kitambulisho, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa kama unayo.