Je, wajua kwa nini kuna mwanamke mbele ya Marko katika picha ya kitabu cha kale cha Injili?

Mji wa Rossano, kusini mwa Italia, una kitabu cha Injili cha Kigiriki kilichoandikwa karne ya 6, enzi za Dola ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki. Kurasa zake ni za ngozi iliyotiwa zambarau, rangi ya wafalme. Maandishi ni ya wino wa fedha, na mistari inayofungua kila Injili ni ya dhahabu. Yamebaki majani 188 tu, yenye Injili ya Mathayo na karibu yote ya Marko. Mwaka 2015 UNESCO ilikiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Ukurasa mmoja ndio unaonishangaza kuliko yote. Marko ameketi kwenye kiti, kaweka gombo magotini na anaandika. Mbele yake amesimama mwanamke aliyejitanda vazi la buluu, mkono kaunyoosha kuelekea gombo lile, kama mtu anayemwambia mwandishi, "Hapo, andika hivi." Injili haitaji mwanamke yeyote wa namna hiyo. Basi katoka wapi?

Jibu linaanzia zamani kabla ya Ukristo. Wagiriki waliamini kwamba mshairi hatungi peke yake, bali huvuviwa na Muza, miungu tisa wa kike wenye kusimamia ushairi, historia, muziki na elimu. Kwa hiyo mchoraji aliyetaka kuonyesha kwamba mtu fulani ni mwandishi wa kweli alimweka kitini, akampa gombo, kisha akamsimamishia Muza karibu. Mfano mzuri uko huku huku Afrika: picha ya vijiwe vya rangi iliyopatikana Sousse, nchini Tunisia, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Bardo mjini Tunis. Mshairi wa Kirumi Virgil ameketi katikati, gombo liko magotini, na Muza wawili wamesimama huku na huku.

Mtindo huo haukufa Wakristo waliposhika dola. Karibu mwaka 512, huko Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, binti wa ukoo wa kifalme aitwaye Anicia Juliana alipewa kitabu kikubwa cha mitishamba cha tabibu wa kale wa Kigiriki, Dioscorides. Ndani yake tabibu huyo kachorwa ameketi, na mbele yake yuko mwanamke aliyeshika mmea wa dawa. Jina la mwanamke limeandikwa: Heuresis, maana yake Ugunduzi. Muza kaondoka, lakini nafasi yake haikuachwa wazi.

Ukiiweka picha hiyo kando ya ile ya Rossano, utaona ni mkao ule ule. Wataalamu wengi husema mwanamke wa Marko ni Sophia, yaani Hekima, yule anayepaza sauti njiani na kujenga nyumba yake katika kitabu cha Mithali. Sisi Waswahili jambo hili linaweza kutupita, kwa sababu kwetu hekima iko katika ngeli ya I-ZI, haina uke wala uume. Kwa Mgiriki, sophia ni neno la kike tangu kwenye sarufi, kwa hiyo kumvika Hekima ushungi lilikuwa jambo jepesi. Nami naona mchoraji alichagua vizuri mno: aliichukua picha ambayo kila msomi wa wakati wake aliijua, akaitumia kusema kwamba maneno haya hayakutoka kichwani mwa Marko peke yake.

Baadaye ukaja ugomvi mkubwa wa kupinga sanamu na picha takatifu, uliokwisha mwaka 843. Waandishi wa Injili waliochorwa karne ya 10, kama wale wa kitabu kilichoko katika monasteri ya Stavronikita, Mlima Athos, nchini Ugiriki, wameketi peke yao kama wanafalsafa wa kale wanaotafakari, nyuma yao kukiwa na majengo ya mtindo wa Kigiriki. Yohane pekee ndiye aliyezoeleka kupewa mwenzake: anasimama na kugeuza uso juu, ambako mkono wa Mungu unatokea mbinguni, huku mwanafunzi wake Prochoros akiandika anachotamkiwa.

Hekima mwenyewe hakupotea moja kwa moja. Karne ya 14 na ya 15, wachoraji wa Serbia walimrudisha, safari hii akimwinamia mwandishi begani na kumnong'oneza.