Je, kompyuta huchaguaje vyuma vya jengo refu?

Mchomeleaji mmoja pale Katwe, Kampala, aliniuliza swali hili akiwa amepandisha miwani yake kipajini. Nikajibu bila kusita: inajaribu michanganyiko yote, kisha inachukua fremu nyepesi kuliko zote isiyoanguka. Aliridhika. Nilikuwa nimemdanganya.

Tupige hesabu. Mhandisi ana fremu ya chuma (Kampala si nyingi, sisi ni watu wa zege). Anagawa nguzo na mihimili katika makundi 10, kila kundi lichaguliwe saizi moja kati ya 200 za kiwandani. Michanganyiko yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 23, na ushei. Hata kwa kupima fremu milioni moja kila sekunde, kazi ingechukua zaidi ya miaka bilioni 3. Wala huwezi kuchagua kundi mojamoja: ukinenepesha nguzo moja, inavuta mzigo wa jirani zake, na kilele kinayumba tofauti upepo ukivuma. Katika majengo marefu, mara nyingi kuyumba ndiko kunakoamua saizi, si hofu ya kuvunjika.

Kwa hiyo kompyuta hupapasa. Jifikirie kwenye vilima vya Kabale alfajiri, ukungu umetanda, unalitafuta Ziwa Bunyonyi. Kila mahali unapokanyaga ni fremu moja, kimo chake ni uzito wake, na ziwa ndilo fremu nyepesi kuliko zote. Huoni ila mteremko ulio miguuni pako. Ukishika sheria ya kushuka tu, utaishia kwenye kibonde fulani katikati ya viazi vya watu, na maji huyaoni. Lazima mara mojamoja ukubali kupanda: mwanzoni ovyo ovyo, baadaye kwa nadra, mwisho usipande kabisa.

Kiwango hicho cha ruhusa ya kupanda huitwa joto. Mbinu hii, iliyotangazwa na watafiti Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi mwaka 1983, imeiga metali inayopashwa moto na kupozwa polepole hadi atomu zake zitulie mahali pazuri. Yaani chuma kinachaguliwa kwa hila ya chuma. Ipo pia mbinu inayoiga uzazi, fremu mbili zikizaa ya tatu, lakini hii ya joto ndiyo inayonichekesha.

Ila iendeshe mara mbili, huenda ukafika mabonde mawili tofauti; hakuna anayekuapia kwamba lako ndilo la chini kuliko yote.

Nilirudi Katwe kusahihisha. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Nyepesi sawa. Na viungo vyake nani anavihesabu?" Mara nyingi, hakuna. Hesabu hupima kilo, si kazi ya kuchomelea.