Je, maktaba ya umma ni ya wanafunzi tu?

Wengi huamini kuwa maktaba ya mtaani ni ya wanaojiandaa na mitihani, na kwamba asiye na kadi haingii. Kwa kawaida kadi ni ya kuazima tu. Kusoma gazeti au kitabu humo ndani mara nyingi hakuhitaji uanachama, ingawa baadhi ya maktaba hutoza kiingilio kidogo cha siku. Vitabu vya rejea, kama kamusi, havitoki hata kwa mwenye kadi.

Mfugaji wa kuku aanzie rafu ya 636.5, mpishi 641.5: maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba hizi za mada (mfumo wa Dewey), zilizobandikwa mgongoni mwa kitabu. Zisome kama desimali: 636.39 (mbuzi) hutangulia 636.5. Hapo ndipo wengi hukwama, wakadhani kitabu hakipo. Ukimaliza, kiache mezani. Kikiwekwa rafu isiyo yake, hata mkutubi hatakiona kwa miezi.

Kuhakikisha ni rahisi: soma masharti yaliyobandikwa mlangoni, kisha uliza kaunta kuhusu ada, mdhamini, picha za pasipoti, siku za kuazima na faini ya kuchelewesha. Masharti hutofautiana, kwa hiyo ya maktaba jirani yasikukatishe tamaa.