Afisa Rasilimali Watu Si Mjumbe

Nimeambiwa tena, safari hii na mwenzangu wa taaluma hapa Kampala, kwamba idara ya rasilimali watu haipaswi kulaumiwa mfanyakazi anapoachishwa kazi bila utaratibu, kwa kuwa uamuzi ni wa mkurugenzi na mjumbe hauawi. Mjumbe wa methali hubeba maneno ya mwingine bila kuyagusa. Afisa rasilimali watu ndiye anayeandika barua ya wito, anayepanga siku ya kikao na anayetunza kumbukumbu zake, na shauri likifika Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi, mara nyingi ndiye anayesimama kulieleza faili.

Michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, naipita haraka, maana hapo kosa hujionyesha kwa hesabu: mwajiri hutoa asilimia 10, mfanyakazi hukatwa asilimia 5, na mwanachama akiangalia akaunti yake ataona kama fedha zimefika. Kinachonikera ni kikao cha kumsikiliza mfanyakazi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji hafifu, amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa, ampe muda wa kutosha kujitayarisha, kisha amsikilize yeye pamoja na mtu aliyemchagua kufuatana naye, iwapo yupo. Sasa tazama faili la kawaida miongoni mwa yale ninayoletewa niyapitie. Barua ya wito imepokelewa saa kumi jioni, na kikao ni kesho yake saa tatu asubuhi. Kumbukumbu zinasema kwamba mfanyakazi "alipewa nafasi ya kujieleza, akakiri kosa na kuomba msamaha", sentensi ambayo imo pia katika mafaili ya wenzake wawili, pamoja na kosa lile lile la herufi. Chini yake kuna barua ya kuachishwa kazi yenye tarehe ya siku moja kabla ya kikao! Tarehe hiyo hakuiandika mkurugenzi.

Suala la lugha ndilo linalopuuzwa zaidi. Mpakiaji aliyetoka Arua au Koboko, kaskazini-magharibi mwa nchi, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi waliomo chumbani, huhojiwa kwa Kiingereza, hujibu kwa maneno machache anayoyajua, kisha huwekewa karatasi ya Kiingereza aitie sahihi. Afisa anayefahamu hivyo na bado akaandika kwamba mfanyakazi "hakuwa na la kuongeza" hajatekeleza agizo la mtu yeyote. Amebuni ushahidi kwa kalamu yake mwenyewe.

Nakubali kwamba sheria yenyewe haitusaidii vya kutosha. Mwajiri asiyefanya kikao hudaiwa malipo ya wiki 4 ya mshahara halisi, yaani baada ya makato, hata kama sababu ya kumwachisha mtu huyo ilikuwa ya haki, na nimekutana na wakurugenzi wanaoona kwamba fedha hizo ni nafuu kuliko asubuhi nzima ya kusikiliza maelezo. Huwakumbusha kwamba mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha sababu, na akishindwa, kuachisha huko huhesabiwa kuwa si kwa haki na gharama yake hupanda. Wengine hunisikia. Vilevile huwashauri maafisa waandike pingamizi lao kwa mkurugenzi, lenye tarehe, na walihifadhi katika faili, lakini sina hakika kwamba ushauri huu unamfaa afisa kijana ambaye mshahara wake unaidhinishwa na mkurugenzi huyo huyo.

Kuna madhara mengine ambayo idara huyafanya bila kuandika chochote. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi, ambaye ni wa serikali na si wa kampuni, ndani ya miezi 3, na aliyechelewa hulazimika kwanza kueleza kwa nini akubaliwe. Mfanyakazi anayeambiwa kila wiki kwamba suala lake "linashughulikiwa" hukaa nyumbani akisubiri simu ya idara huku miezi hiyo ikimwishia, na ninashuku kwamba katika baadhi ya ofisi hilo ndilo linalokusudiwa. Kama wewe ndiye unayesubiri simu hiyo, hesabu siku tangu tarehe iliyo kwenye barua yako, na umwone afisa wa kazi wa wilaya huku idara ikiendelea kushughulika.