Ruzuku za filamu za wenyeji wa Kanada si pesa za bure

Juzi usiku ujumbe umeingia tena, ule ule. Safari hii ni kijana wa Dar es Salaam mwenye kampuni ndogo ya tamthilia: "Shikamoo kaka, nasikia huko Kanada serikali inagawa pesa za filamu kwa wazawa. Na sisi si wazawa? Nitumie fomu." Wiki iliyopita alikuwa Mkenya anayeishi Toronto, na yeye akaziita "zile pesa za bure za wenyeji". Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka. Leo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

La kwanza halina haja ya maneno mengi. "Mzawa" wetu wa Kariakoo hana kazi hapa. Wanaohusika ni Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wamétis, makundi matatu ya wenyeji wa asili yanayotambuliwa na Katiba ya Kanada ya 1982. Mhamiaji hamo, hata awe na pasipoti ya nchi hii. Mimi mtu wa Tanga simo. Naingia kwa mlango wa uhasibu: nawatunzia vitabu vya hesabu watayarishaji wa kienyeji hapa Winnipeg.

Linaloniudhi ni neno "bure".

Filamu haijengwi kwa fungu moja. Mtayarishaji anaunga ada ya leseni ya kituo cha runinga, Canada Media Fund (mfuko wa vipindi vya runinga), Telefilm (shirika la serikali la kufadhili filamu), marejesho ya kodi ya shirikisho na ya mkoa, na tangu 2018 Indigenous Screen Office, ofisi inayofadhili filamu na vipindi vya wenyeji. Bajeti ya shirikisho ya 2021 iliipa ofisi hiyo dola milioni 40.1 kwa miaka mitatu. Ya 2024 ikaahidi milioni 65 kwa miaka mitano, kisha milioni 13 kila mwaka. Zigawe kwa nchi yenye jamii zaidi ya 600 za Mataifa ya Kwanza, bado hujahesabu Wainuiti na Wamétis, na lugha za wenyeji zaidi ya 70. Halafu niambie huo utajiri uko wapi.

Tena ruzuku yenyewe inakula fungu jingine. Shika kalamu tufanye hesabu. Bajeti ni dola 1,000,000. Marejesho ya kodi ya shirikisho ni asilimia 25 ya malipo ya watu wa kazi, na malipo hayo hayahesabiwi kupita asilimia 60 ya gharama baada ya kuondoa misaada. Bila msaada wowote, kiwango cha juu ni 600,000, robo yake 150,000. Sasa pata ruzuku ya serikali ya 300,000 inayohesabiwa kuwa msaada. Gharama inabaki 700,000, asilimia 60 yake ni 420,000, robo yake 105,000. Umeandikiwa 300,000, lakini 45,000 zimetoka mfuko wa pili. Marejesho ya mkoa nayo huhesabiwa msaada mbele ya shirikisho, kwa hiyo na yenyewe yanakata. Nimeona mtayarishaji mwenye filamu yake ya kwanza akitangaza bajeti imetimia, nami ikanibidi kumweleza kwamba bado kuna shimo.

Na marejesho hayo yanalipwa baada ya filamu kukamilika na hesabu kukaguliwa. Wapiga picha, wapishi na madereva wanataka mshahara wa Ijumaa hii. Kwa hiyo unakwenda benki kukopa juu ya karatasi ya serikali, na riba inaingia kwenye bajeti. Ruzuku nayo hutoka kwa awamu: kusaini, kuanza kupiga picha, mkato wa kwanza, na kipande cha mwisho baada ya ripoti ya gharama. Kampuni isiyo na akiba inaweza kufa ikiwa na ruzuku tatu zilizoidhinishwa.

Wengi hudhani mafungu haya yalizaliwa na huruma. Someni habari za Igloolik, kijiji cha Wainuiti huko Nunavut. Mwaka 1975 walipiga kura kukataa runinga. Mwaka 1979 wakakataa tena, kwa sababu haikuwa na kitu kwa Kiinuktitut, lugha yao, na waliogopa ingewafunga midomo watoto wao. Kutoka kijiji hicho hicho ikaja Atanarjuat, filamu ndefu ya kwanza iliyoandikwa, kuongozwa na kuigizwa yote kwa Kiinuktitut. Mwaka 2001 ikashinda Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Watu wa kampuni ya Isuma walioitengeneza walipigana na mfumo uliokuwa na mafungu makubwa ya Kiingereza na Kifaransa, na kifungu chembamba cha lugha za wenyeji. Mfuko wa umma ulikuwepo siku zote, nao ulikuwa na lugha zake. Kwa hiyo anayeniambia wenyeji wanapendelewa, namwomba anieleze fungu la Kiingereza lenyewe tuliite nini.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi: asilimia 51. Kwa kawaida kampuni inayoomba lazima imilikiwe na wenyeji kwa zaidi ya nusu. Kwenye karatasi ni sharti zuri. Lakini nimeketi mezani na mikataba ambayo mwenyeji ana hisa 51, na ukurasa wa kumi na kitu unasema maamuzi ya fedha yapitishwe na kampuni kubwa iliyoshirikiana naye, mauzo ya nje ni ya kampuni hiyo, na haki miliki itahamia kampuni nyingine filamu ikiisha. Huyo mwenyeji wamemchukulia jina tu. Mimi husoma kwanza mtiririko wa mapato na haki miliki, hisa baadaye. Ukitaka kujua filamu ni ya nani, tafuta nani ataruhusu itumike miaka ishirini kuanzia leo, mtoto wa yule bibi aliyesimulia kisa atakapotaka kuionyesha shuleni.

Bibi mwenyewe ana hesabu zake. Mzee anayetoa kisa cha ukoo anapokewa kwa desturi, na katika mataifa mengi hapa anapewa tumbaku kabla ya kuombwa neno. Analipwa heshima yake, analetwa na mjukuu, analishwa, na pengine siku hiyo anasema hatasimulia, rudini majira ya baridi kwa sababu visa vile havisimuliwi kiangazi. Mkaguzi anataka ankara. Nimeandika maelezo marefu kuhusu paketi ya tumbaku kuliko kuhusu kukodi kamera. Imesaidia kwamba tamasha la filamu za wenyeji la imagineNATIVE lilitoa mwaka 2019 mwongozo wa itifaki za kufanya kazi na jamii za wenyeji. Sasa nikiandika "mashauriano na jamii" kwenye bajeti, nina pa kuegemea. Nunavut nako hakuna barabara kati ya kijiji na kijiji. Ni ndege, au meli ya kiangazi. Bajeti ya siku tano inalala uwanja wa ndege kwa dhoruba ya siku tatu, na fungu la dharura limekwisha kabla ya picha ya kwanza.

Kuna jambo ambalo sina jibu lake. Nani athibitishe kwamba mwombaji ni mwenyeji? Mwishoni mwa 2020 madai ya asili ya mwongozaji mmoja maarufu yalihojiwa hadharani, na mfululizo wake wa runinga ukafutwa mwezi uliofuata. Tangu hapo maswali yamekuwa makali, na nakubali yaulizwe, maana fungu dogo likiliwa na mgeni aliyejivika ngozi, kuna mtu amekosa. Lakini nawajua pia watu ambao karatasi ziliwakataa. Hadi 1985 sheria ilimfutia hadhi ya kisheria ya uenyeji mwanamke wa Mataifa ya Kwanza aliyeolewa na mtu asiye na hadhi, na watoto wake wakafuata. Wengine walichukuliwa wadogo na kulelewa na familia za kizungu, sasa wana miaka hamsini na wanatafuta jina la kijiji chao. Fomu ikidai kadi, inamfungia huyo mlango. Ikiacha kadi ikauliza "jamii gani inakutambua?", naiona njia bora, ila jamii zenyewe zina magomvi, na barua ya chifu inaweza kukosekana kwa ugomvi wa ardhi tu. Nimebadili mawazo mara tatu kuhusu hili, na huenda nikabadili tena.

Kijana wa Dar, fomu sina ya kukutumia. Ninalo jedwali la mpango wa fedha ninalotumia kazini, lenye safu ya tarehe pesa inapoingia kando ya tarehe inapohitajika. Nitumie bajeti ya tamthilia yako, pamoja na mkataba mliosaini na kituo. Nitaanza na kifungu cha haki miliki.