Fanny Palmer hakuwa mpaka rangi

Kijana mmoja alikuja kuchukua pleti zake za kuchapia hapa Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji Kampala, akaiona picha ya treni niliyoitundika juu ya mashine. Nikamtajia aliyeichora: Fanny Palmer. "Lakini nyabo, huyo si alikuwa mpaka rangi tu wa Currier & Ives?" Maneno haya nimeyasikia hata kwa walimu wa sanaa, na sasa yamenifika shingoni.

Wapaka rangi wa kampuni ile ya kuchapa picha ya New York walikuwepo, wengi wao wanawake. Walikaa mezani kwa safu, kila mmoja na rangi yake, karatasi iliyokwisha kuchapwa ikipita mkono kwa mkono. Kazi ya heshima, ila Palmer hakuwa kwenye meza ile. Alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1812, akahamia New York na mumewe miaka ya 1840, wakafungua kiwanda chao cha lithografia, yaani uchapaji wa picha zilizochorwa juu ya jiwe. Kilipokufa ndipo akaingia kwa Nathaniel Currier, mwenye kampuni ile, akachora picha takriban 200.

Tuje kwenye jiwe. Sisi wa ofseti, tunaochapa kwa pleti za chuma, tumelisahau, ingawa kanuni ni ileile: mafuta na maji hayapatani. Unachora kwa krayoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, kisha gundi ya mgunga na tindikali kidogo, maji, wino, karatasi. Jiwe hunywa mafuta. Kidole chenye jasho kikigusa, alama yake itatoka kwenye kila karatasi, na kufuta maana yake ni kukwangua. Tena unachora kinyume: cha kulia kiwe kushoto, herufi zisomeke kwenye kioo. Wachoraji wengi waliwaachia mafundi kazi hiyo. Palmer aliyaweza yote mawili, kubuni picha na kuichora jiweni. Kwa hiyo anayeniambia "zile ni nakala tu" anijibu: nakala ya nini? Mchoro wenyewe uko jiweni, na jiwe likisuguliwa kwa kazi nyingine, zinabaki karatasi zile peke yake.

Picha ile ya treni ni "Across the Continent" ya mwaka 1868, ambayo jina la Palmer limo pamoja na la James Ives, mshirika wa Currier. Kushoto kuna kijiji cha walowezi, katikati reli inakata nchi kwenda magharibi, ambako Palmer hakuwahi kufika. Kulia wenyeji wawili wako juu ya farasi, na moshi wa treni unawaelekea. Mimi niliyekulia kando ya reli iliyofika Kampala mwaka 1931 siwezi kuitazama kwa moyo mweupe. Mara mbili nimeishusha ukutani.

Nikairudisha kwa ajili ya moshi. Kijivu kama kile hupatikana kwa krayoni iliyopitishwa juu ya punje za jiwe kwa mkono mwepesi, ikagusa vilele ikaacha mabonde. Ukikandamiza mara moja tu, moshi unageuka matope. Palmer hakukandamiza, na moshi ule unaowaelekea wale wapanda farasi wawili ndio unaonionyesha mkono wake.